Tezi Arobaini na Tatu za Mama Wivine

Nani amemuua Wivine Giramia?

Tangu juzi mchana swali hilo linatembea kwenye viti vya plastiki hapa Nyakasanza, mjini Bunia, na kila linapopita linabeba jina jipya. Kuna aliyemtaja mama mmoja wa soko ambaye meza yake inapakana na meza ya marehemu. Kuna aliyetaja chai iliyonywewa kwenye arusi fulani mwaka jana. Familia inaomba majina hayo yaishie hapa, mbele ya jeneza. Katika mji huu tumeshaona jina moja likitamkwa kwenye matanga na kesho yake nyumba kumi zikaungua. Marehemu ameuawa na kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai vya mwanamke. Yeye mwenyewe aliagiza iandikwe hivyo, bila kuzungushwa. Aliagiza pia isifichwe namna alivyotibiwa na nani alisema nini. Sehemu ya kwanza ya agizo lake ilikuwa rahisi kutimiza. Sehemu ya pili imeandikwa kwa mkono wa mwanawe Rémy, kwa sababu inamhusu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote aliyeketi hapa.

Mama Wivine alizaliwa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, Jumanne tarehe 3 Juni 1969. Alikuwa mtoto wa nne wa mvuvi Sébastien Uvoya na mkewe Albertine, ambao wote wawili walimtangulia. Kabla hajafikisha miaka saba alikuwa ameshika kisu. Mama yake alimfundisha kazi jinsi ilivyofundishwa pwani ile: anza chini ya shavu, shuka hadi mkiani, toa matumbo, toa nyongo bila kuitoboa, toa matamvua, kwangua damu iliyolala kwenye uti wa mgongo, ndipo utie chumvi. Usiache kitu ndani. Mkono wake ulizoea sheria hiyo kabla haujazoea kuandika.

Aliingia shule ya msingi ya parokia mwaka 1976 na kupata cheti chake mwaka 1982. Baada ya hapo alisomea ushonaji Mahagi kwa masista, miaka miwili tu. Mwaka 1984 dhoruba ilichukua nyavu za baba yake zote kwa siku moja, na binti akarudi nyumbani kusaidia. Daftari lake la mwisho bado lipo. Ndani yake kuna kola ya shati iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, safi kabisa, na chini yake sista aliandika kwa wino mwekundu: huyu asiache shule.

Alifika Bunia mwezi wa Aprili 1990, juu ya lori la samaki, akiwa na beseni moja na mashine ya kushonea ya kuazimwa. Mashine ilirudi kwa mwenyewe. Beseni likawa meza katika soko kuu, na meza hiyo ndiyo iliyolisha nyumba kwa miaka thelathini na miwili. Vita vilipopasua mji mwaka 2003 alikimbia kwa miguu hadi Mahagi na watoto wawili, wa tatu akiwa tumboni. Aliporudi mwezi wa Februari 2005 meza ilikuwa imekwisha kuwa kuni. Alitandika gunia chini akaanza upya. Aliyetandika gunia la pili kando yake alikuwa Mama Félicité, mwanamke wa upande ambao upande wetu ulikuwa umeambiwa uuchukie. Hawakufanya hotuba yoyote ya upatanisho. Mmoja alikuwa na kisu, mwingine alikuwa na chumvi.

Kuhusu ndoa yake, lazima tuseme ukweli unaojulikana soko zima. Mwaka 1991 kijana mwashi anayeitwa Théodore Ukumu alinunua samaki kwenye meza yake kila siku kwa mwezi mzima. Kila siku alichagua mkubwa, kila siku alisahau kuomba apunguziwe bei. Siku moja rafiki aliyekaa naye chumba kimoja alikuja sokoni kumshukuru Wivine, kwa sababu alikuwa amenenepa. Ndipo ilipojulikana kwamba Théodore hali samaki. Tangu utoto akionja tu, midomo inamvimba. "Basi ulikuwa unanunua juu ya nini?" Wivine alimuuliza mbele ya watu. "Nilikuwa nanunua njia ya kufika hapa," Théodore akajibu. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 12 Septemba 1992. Katika nyumba ya muuza samaki, kwa miaka thelathini na miwili, palipikwa sufuria mbili.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Januari 2023. Kitenge hakikufunga vizuri tena. Mama Félicité, aliyezoea kumwita marehemu kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa wa kwanza kuona.

"Mama Christella, ni nini hii tena? Na ile miaka yako unataka kutuletea mutoto? Théo iko nakulisha nini?"

"Maharagi," Wivine akasema. "Muzee iko nanivimbisha na maharagi yake."

Walicheka. Walicheka hadi mwezi wa Machi, wakati alipoanza kushindwa kumaliza hata nusu ya sahani. Kwa miezi minane alitibiwa amiba, akatibiwa tifoidi, akatibiwa minyoo, tena tifoidi. Kila kituo cha afya kilimpa karatasi, na kila karatasi ilikuwa na hakika. Hakuna aliyepitisha mashine ya echo, ile inayoonyesha ndani ya mwili, juu ya tumbo lake hadi mwezi wa Septemba, na siku hiyo fundi wa mashine aliangalia kioo, akaenda kumwita mkubwa wake. Walimtoa maji lita tano. Kisha wakasema neno lenyewe, na baada ya neno wakasema: Kampala.

Kule Kampala, katika hospitali ambayo hatutaitaja, alimpokea Daktari Kamate, mtoto wa Butembo aliyeenda kusoma Uganda akabaki. Tunamtaja kwa jina kwa sababu mwenyewe ameruhusu. Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023 alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama Wivine, akachora tumbo la mwanamke nyuma ya bahasha. Théodore alisimama, kofia mkononi. Rémy, mwenye diploma yake ya chuo kikuu na daftari la maswali, aliketi dirishani. Simu ilikuwa imewekwa juu ya shuka, sauti nje, na ndani ya simu ilikuwa familia yote ya Nyakasanza: binti mkubwa Christella, Mama Félicité, na Papa Étienne, kaka mkubwa wa Théodore, ambaye ndiye kichwa cha ukoo.

Daktari alieleza kwamba atafungua tumbo, atatoa vifuko vya mayai, kizazi, utando wa mafuta unaofunika matumbo, na kila uvimbe atakaouona. Akimaliza asione tena kitu, wala kwa macho wala kwa vidole, hapo mgonjwa anapata nafasi nzuri, na dawa za mshipa, zile za kuua mabaki ya kansa, zitafuata haraka.

"Sasa kuko zile tezi," akasema, akachora vitone vidogo kama mbegu za maharagwe, vimejipanga kando ya mishipa mikubwa ya damu, kutoka nyonga kupanda juu. "Picha inaonyesha haziko kubwa. Nikizigusa na zikiwa laini, nitaziacha pale pale."

Sauti ya Papa Étienne ikatoka kwenye simu.

"Utaziacha namna gani, Docteur? Kansere iko natembea mu tezi. Ata mutoto wa primaire anajua ile."

"Zamani siye bote tulikuwa tunazitoa, Papa. Kisha wakafanya utafiti. Wanawake zaidi ya mia sita, ugonjwa wao umeenea tumboni kama wa Mama, na tezi zao zikionekana nzuri. Kikundi kimoja wakatolewa zote, kingine wakaachiwa. Wakaishi sawasawa. Tofauti ni hii: wale walitolewa ndio walipata homa zaidi, wakafunguliwa tena zaidi. Na mbele ya miezi miwili kuisha, wengi zaidi kati yao walikuwa wamekufa."

"Docteur, nisamehe," Mama Félicité akaingia. "Mimi na Mama Christella tuko natumbua samaki miaka mingi. Ukiacha matamvua ndani, ata utie gunia muzima ya chumvi, kesho inanuka."

Daktari alitabasamu. "Mama, samaki amekwisha kufa. Huyu iko muzima. Tezi ndiyo inakunywa maji ya muguu na kuirudisha mu damu. Ukiitoa, ile maji itapitia wapi?"

Mama Wivine aliangalia miguu yake iliyonyooka chini ya shuka. Jibu lile alilielewa. Alikuwa amesimama kwa miguu hiyo miaka thelathini na miwili, na Jumamosi, siku ambayo malori ya ziwa hufika, hakuwahi kuketi kabla ya saa tisa. Kitu alichokitaka katika dunia yote kilikuwa kimoja: kusimama tena kwenye meza yake, siku nyingi ama chache, Mungu ndiye angezihesabu.

Ndipo Rémy aliposhuka dirishani.

"Docteur, nikuulize kitu moja. Kama Mama alikuwa mwanamke wa Paris, ungeziacha?"

"Ningeziacha."

"Sikubali. Nimesoma. Nimesoma makala tatu. Zote zinasema wanawake waliotolewa tezi waliishi zaidi." Alifungua daftari, akaonyesha. "Siye batu ya Bunia tumezoea nusu. Nusu ya barabara. Nusu ya amani. Nusu ya dawa, ingine tumalizie na maombi. Leo tumevuka mupaka mpaka huku, na tena mutupatie nusu ya operation? Hapana. Mutoe yote."

Ndani ya simu, Nyakasanza, watu walipiga makofi.

"Hii haiko nusu, mudogo wangu," Daktari Kamate akasema polepole. "Hii ndiyo muzima."

"Kama hautaki," Papa Étienne akasema, "Kampala iko na badocteur mingi."

Théodore alivaa kofia yake, akaivua tena. Yeye hakusoma zaidi ya mwaka wa nne wa msingi. "Mimi nikijenga," akasema, "mwenye nyumba hanionyeshi pa kuweka tofali. Docteur amesema. Tumuachie kazi yake."

"Théo, nyamaza mbele. Ni uzima ya bibi yako tuko nasema hapa!"

Théodore akanyamaza. Hilo linapaswa kuandikwa, na linaandikwa: mtu pekee wa familia hii aliyesema sawa siku ile aliambiwa anyamaze, na mwanawe hakumtetea.

Daktari alimgeukia mgonjwa. "Mama, ni tumbo yako. Sema weye."

"Docteur, nikiamuka, nitasimama kwa meza yangu?"

"Nikiziacha, ninatumaini ndiyo, mapema. Nikizitoa, siwezi kukuahidi."

Alimtazama Rémy kwa muda mrefu. Alimtazama kama mtu anayeangalia nyumba aliyoijenga mwenyewe tangu msingi. "Huyu mutoto nilimusomesha na samaki," akasema. "Kama amesoma ni vile, basi ikuwe vile." Akachukua kalamu, akatia sahihi kwa herufi nzuri alizofundishwa na masista.

Makala zile tatu zilikuwa za zamani. Ziliandikwa kabla ya utafiti alioutaja daktari, na tarehe ilikuwa juu ya kila ukurasa. Rémy hakuisoma. Alikuwa anatafuta ushahidi wa dhuluma, na dhuluma katika nchi hii haihitaji kutafutwa, ipo kila mahali. Mahali pekee ambapo haikuwepo palikuwa chumba kile.

Upasuaji ulifanyika Jumanne tarehe 17 Oktoba, ukachukua karibu saa saba. Uvimbe wote ulitoka. Tezi zilitoka pia, arobaini na tatu, na damu mifuko mitatu iliingia. Daktari Kamate alieleza baadaye kwa nini alikubali. Aliogopa tungemhamisha mgonjwa kwa mtu ambaye angetoa tezi na kuacha uvimbe. "Nilipaswa kukataa na kuwafuata mpaka mlangoni," alisema. "Sikufanya vile. Andika na hiyo."

Wiki tatu baadaye karatasi ya maabara ilifika: tezi arobaini na tatu zimechunguzwa, tezi arobaini na tatu ni safi. Nyumbani Nyakasanza vilipigwa vigelegele. Papa Étienne alichinja mbuzi. Rémy alimpigia daktari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

"Docteur, umeona? Zote safi!"

"Ndiyo, Rémy," daktari akasema. "Zilikuwa safi. Ndiyo maana nilitaka kuziacha."

Hakuna aliyekula mbuzi yule akiwa ameelewa. Wiki ileile maji yalijikusanya ndani ya nyonga ya Mama Wivine, pale tezi zilipokuwa, yakawa usaha. Alirudishwa kitandani na homa, akawekewa mrija ubavuni. Dawa za mshipa zilizotakiwa kuanza katikati ya Novemba zilianza tarehe 3 Januari 2024, wiki kumi na moja baada ya upasuaji. Na mguu wa kushoto ulianza kujaa. Ulijaa kutoka paja hadi vidoleni, ukawa mzito kama gogo lililolowa, na ngozi yake ikang'aa. Kiatu hakikuingia. Kandambili ya Théodore ikaingia kwa shida, kisha nayo ikakataa.

Jumamosi moja mwezi wa Februari, Christella na Mama Félicité walimpeleka sokoni kwa moto, pikipiki ya kukodi, mguu umenyooshwa pembeni, dereva akienda kama aliyebeba mayai. Walimsimamisha kwenye meza. Watu wote wa upande wa samaki walikuja kumsalimu. Alishika kisu, akapasua samaki mmoja wa kapiteni, vizuri, haraka, kama zamani. Alipomaliza wa pili aliegemea meza kwa viwiko. Akamwambia Félicité kwa sauti ndogo, "Nikalishe. Batu wasione." Alikalishwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakusimama tena kwenye meza ile. Aliishi miezi tisa mingine, na hizo dakika kumi ndizo pekee alizopata kusimama pale.

Mtu wa nje atauliza kwa nini dawa hazikwenda kwa mpango. Atuulize sisi! Dawa hizo hazikupatikana Bunia, kwa hiyo kila wiki tatu mwanamke mwenye tumbo lililoshonwa na mguu uliojaa maji alipaswa kusafiri hadi Kampala na kurudi, kwenye barabara ya nchi inayosema iko katika amani. Mapatano yametiwa sahihi. Picha zimepigwa. Tarehe 3 Machi 2024 alitoka asubuhi kwenda kupata dawa ya mara ya nne, na kwenye kizuizi cha Iga Barrière, njia ya Uganda, gari likasimamishwa. Kuko nini mbele? Kuko risasi upande wa Nizi. Ya nani? Hakuna aliyejua, ama hakuna aliyetaka kusema. Kwa siku mbili Mama Wivine alikaa kwenye ubaraza wa duka la vocha, mguu umewekwa juu ya bidoni tupu la maji, vumbi la malori likimmwagikia, na muuza maandazi mmoja akamfunika kwa kitenge chake. Siku ya tatu dereva aligeuza gari kurudi Bunia. Dawa ya mara ya nne alipewa tarehe 30 Machi, siku ishirini na nne baada ya siku yake. Wakubwa wanaotangaza amani redioni waandike hesabu hiyo mahali.

Alimaliza mara sita mwezi wa Mei. Mwezi wa Agosti kitenge hakikufunga tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Rémy alimpigia Daktari Kamate kutoka nyuma ya nyumba, ili mama yake asisikie. Alimuuliza swali moja: kama tungeziacha zile tezi, angepona?

"Sitakudanganya ili ulie, wala sitakudanganya ili ulale," daktari akasema. "Ugonjwa wake ulikuwa na nguvu. Kuchelewa kwa dawa hakukusaidia, lakini siwezi kukuambia kulimuua. Pengine angekufa mwaka huu huu. Lakini angeupitisha akiwa anatembea."

Mama Wivine alikuwa amesikia. Ukuta wa jikoni ni wa mbao. Rémy alipoingia alimkuta anamenya maharagwe ya Théodore, mguu juu ya kiti.

"Kuya hapa," akamwambia. "Ulisema mutoe yote juu ya kunipenda?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi utaandika. Utaandika vile nilisema, vile ulisema, vile docteur alisema. Batu wa soko wakisikia ni sumu, watamutafuta muntu. Wakisikia ni Mungu, watapiga magoti na kukaa. Andika ni kansere, na andika tulikataa kusikiliza." Akarudi kwenye maharagwe. Baada ya muda akaongeza, bila kuinua kichwa, "Na usiandike nilikusamehe. Iyo ni ya nyumba."

Mama Wivine Giramia alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nane mchana, katika chumba chake hapa Nyakasanza, akiwa na miaka hamsini na mitano, miezi mitano na siku tisa. Padri alikuwa amempa sakramenti Jumapili. Mume wake alikuwa ameshika mguu wa kushoto, kwa sababu ndio uliomuuma, na hakuuachia hadi Christella alipomwondoa vidole kimoja kimoja. Hakukuwa na kifo kizuri hapo, na wasifu huu hautasema kulikuwa. Aliumwa. Aliomba maji, na maji yakarudi. Alitaka kuishi.

Ameacha mume, Théodore Ukumu. Watoto watatu, Christella, Rémy na Osée. Wajukuu wawili, Ketsia na Nicolas. Shemeji yake Étienne na ukoo wote wa Ukumu. Ndugu zake wa Mahagi-Port ambao barabara haijawaruhusu kufika. Mama Félicité, ambaye si wa damu yake na ambaye ameketi leo kwenye mkeka wa wafiwa kwa haki yake. Na meza moja katika soko kuu. Mungu amlaze pale ambapo miguu haiumi, na ampe usingizi ambao hakuupata kwetu.

Kuna jambo lililotokea jana, asubuhi baada ya kifo, nalo linaandikwa kwa sababu Rémy aliliona kwa macho yake.

Ilikuwa kama saa mbili. Wanaume walikuwa wanafunga hema, chai ilikuwa haijachemka. Mwanamke mmoja wa avenue ya nyuma, Orly, mke wa fundi radio, aliingia uani bila kusalimia viti vya mbele. Ana miaka thelathini na tisa hivi. Alikwenda moja kwa moja kwa Théodore, akapiga goti, mkono mmoja ukishikilia kitenge mbele, pale ambapo hakikufunga.

"Papa Théo, pole. Unisamehe, siku haiko ya kuuliza."

"Uliza tu, mama."

"Ile docteur ya Kampala. Numéro yake iko?"

Théodore alimtazama tumboni, akatazama pembeni. Akatoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa koti, akatafuta kwa kidole kinene cha mwashi, na kwa sababu hakukuwa na karatasi, akaomba kalamu ya mtu aliyekuwa anaandika majina ya wageni. Orly alifungua kiganja. Théodore aliandika namba pale, tarakimu baada ya tarakimu, akizisoma kwa sauti.

"Nani ataenda na weye?"

"Kaka yangu. Yeye amesoma."

Kalamu ilisimama. Rémy alikuwa hatua tatu kutoka pale, amebeba viti viwili, na hakuviweka chini.

"Ni vizuri amesoma," Théodore akasema. "Lakini mukifika kule, weye ndiye utasema. Unasikia? Docteur akisema hii nitoe, anatoa. Akisema hii niache, anaacha. Weye mwenyewe utaitika, na mudomo yako."

"Nasikia, Papa."

Aliinuka. Akamgeukia Chris, kijana wa moto aliyekuwa ameleta mkaa na bado alikuwa juu ya pikipiki yake karibu na lango.

"Barabara ya Iga, leo iko napita?"

Chris alitikisa kichwa. "Wamefunga tangu saa kumi na mbili, mama. Ata siye wanaturudisha."

Orly alisimama kidogo katikati ya ua. Kisha akaenda kwenye mkeka wa wanawake, akakaa kati yao, mgongo ukutani, akaweka mkono gotini na kiganja wazi juu, ili jasho lisifute namba.